Simu Imepotea Ikiwa Sailenti: Uipigie, Uilize kwa Mtandao, au Utembee na Redio?

Ushauri mwingi kuhusu simu iliyopotea ikiwa sailenti unaanzia Google na kuishia Google. Kwa mtu wa Mwanza ningeanza na swali jingine: data ilikuwa imewashwa? Ukimya wenyewe si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Zipo njia za kuilazimisha simu ilie hata kama mlio umezimwa kabisa, ila nyingi zinapita kwenye intaneti, na huku kwetu watu wengi huwasha data wakitaka kuingia WhatsApp, wakimaliza wanazima ili bando lifike jioni. Simu ya namna hiyo ikidumbukia kati ya godoro na ukuta, Google haina la kukusaidia.

Kwa hiyo nimezilinganisha njia kwa mambo mawili: inavunja ukimya au haivunji, na inahitaji data kwenye simu iliyopotea au haihitaji. Jedwali ni la mwenye haraka. Maelezo yake, pamoja na upendeleo wangu, yako chini.

| Njia | Kuna sauti simu ikiwa sailenti? | Inahitaji data kwenye simu iliyopotea? | Kitochi (simu ndogo ya vibonye) je? |
|---|---|---|---|
| Kupiga | Hapana. Labda mtetemo, labda mwanga | Hapana | Ndiyo |
| Find Hub (Android), Find My (iPhone) | Ndiyo | Ndiyo, au Wi-Fi | Hapana |
| Saa janja | Apple Watch ndiyo. Za bei nafuu si zote | Hapana, Bluetooth inatosha | Hapana |
| Kengele ya kuamkia | Mara nyingi ndiyo | Hapana | Ndiyo |
| Redio ndogo ya betri | Redio ndiyo inayolia | Hapana | Ndiyo, hasa kitochi |

Piga mara moja, usikilize unachojibiwa

Kila mtu huanza hapa, na ni sawa. Kinachoharibu ni kupiga mfululizo huku unakimbia chumba hadi chumba. Simu ya kwanza ipige umetulia, kwa sababu jibu lake ndilo linalokuchagulia njia nyingine. Ikiita mpaka ikatike, ina chaji na iko hewani. Ukiambiwa haipatikani, ama imezima ama iko pasipo mtandao, na hapo kutega sikio kwenye makochi ni kujichosha bure. Ukiambiwa inatumika, uliza kwanza kama kuna mwingine nyumbani anayeipigia wakati huohuo (hutokea sana, kila mtu akitaka kusaidia). Kama hakuna, acha kuinua mito. Simu ina mtu nayo.

Kisha muombe mtu akutumie ujumbe wa WhatsApp. Tiki mbili maana yake simu iko kwenye data au Wi-Fi. Ikibaki tiki moja, simu haina intaneti, mara nyingi kwa sababu data imezimwa. Kama WhatsApp yako umeiunganisha pia na kompyuta, usiitegemee tiki ya pili, maana inaweza kuwa imetoka huko.

Hayo mawili hayamalizi dakika mbili, na kupiga bila kupokelewa hakuli salio. Sasa unajua unapambana na nini.

Kupiga dhidi ya kuiliza kwa mtandao

Tuseme inaita na data ipo. Hapa sioni hata ubishi: iache njia ya kupiga, nenda kwenye mtandao.

Kupiga kuna udhaifu ambao watu hawauzingatii. Android nyingi zikiwekwa sailenti kamili hazitetemeki kabisa zikipigiwa. Kinachobaki ni kioo kuwaka, na kioo kikiwa kimelalia chini huoni kitu. Kwenye iPhone inategemea kama mwenyewe aliruhusu mtetemo wakati wa ukimya. Hata mtetemo ukiwepo, mahali ilipo simu ndipo panapoamua. Juu ya meza ya mbao, kabati la bati au sahani iliyoachwa mezani, utaisikia ikinguruma. Ndani ya sponji la kochi, rundo la vitenge au begi la nguo za safari, mtetemo unamezwa wote.

Ukilazimika kuitegemea njia hii, panga mazingira. Zima TV, zima feni, chomoa na jokofu kwa dakika chache, maana mngurumo wake unafanana sana na wa simu. Mvua ikiwa inapiga bati, subiri ipite. Watu wasimame vyumba tofauti, mmoja tu apige. Watoto wapewe chini ya vitanda na nyuma ya makochi, masikio yao ni mazuri na hawalalamiki magoti. Usiku ni bora kuliko mchana, na umeme ukikatika ni bora zaidi: giza totoro, kimya, kioo kikiwaka ndani ya mkoba wa kitambaa chepesi unakiona kutoka mlangoni.

Kuiliza kwa mtandao ni kitu kingine kabisa. Kwa Android unafungua kivinjari kwenye simu yoyote au kompyuta, unaandika android.com/find, unaingia kwa akaunti ya Google iliyo kwenye simu iliyopotea, unaichagua, unabonyeza kitufe cha kuipigisha mlio. Italia kwa sauti ya juu kabisa kwa dakika 5, hata kama uliiacha sailenti. Huduma hii ilianza mwaka 2013 kwa jina la Android Device Manager, mwaka 2017 ikawa Find My Device, na mwaka 2025 ikabadilishwa kuwa Find Hub, ndiyo maana mafundi watatu watakutajia majina matatu na wote wako sahihi. Kwa iPhone anwani ni icloud.com/find. Mlio wake hudumu kama dakika 2, nao haujali sailenti.

Jambo moja ambalo huwachanganya watu: wakiona ramani haionyeshi kitu, wanadhani njia yote imekufa. Ramani inahitaji huduma ya mahali iwe imewashwa. Mlio wa Android hauihitaji. Bonyeza mlio hata kama ramani ni tupu.

Sasa kikwazo cha kweli. Si teknolojia, ni akaunti. Watu wengi hapa mjini akaunti yao ya Google ilifunguliwa na muuza simu siku ileile ya kununua, pale Makoroboi au popote, akaweka jina analojua yeye na nenosiri alilolisahau kabla ya chai ya saa nne. Ukija kuihitaji, hujui hata baruapepe yako inaitwaje. Wewe unayesoma ukiwa bado na simu mkononi, ingia kwenye mipangilio, bonyeza Google, soma hiyo baruapepe, ubadilishe nenosiri uweke lako.

Cha pili ni namba ya uthibitisho. Ukiwa umewasha ulinzi wa hatua mbili, Google inaweza kukutaka uthibitishe kwa kutumia simu ileile unayoitafuta. Apple wamelifikiria hili: ukurasa wao wa kutafuta kifaa unakuruhusu kuingia kwa nenosiri bila ile namba. Kwa Google, dawa ni namba za akiba. Wanakupa 10, kila moja ya tarakimu 8, unaziandika kwenye karatasi na kuzihifadhi zilipo kadi ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Nafuu zaidi kuliko hiyo ni kuwa na kifaa cha pili nyumbani, hata tableti ya mtoto au simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kilichoingizwa akaunti hiyohiyo tayari. Siku ya siku hutahangaika na hiyo namba.

Ukiingia kwa simu ya jirani, fungua ukurasa wa faragha wa kivinjari, usikubali nenosiri lihifadhiwe, na utoke ukimaliza. Heshima ya ujirani haiondoi haja ya kutoka kwenye akaunti.

Data imezimwa: njia ninayoipenda

Tiki moja. Simu inaita lakini haina intaneti. Hapo ndipo ushauri wa kawaida unakuishia, na hapo ndipo ningependa ukae nami kidogo.

Wanaozima data mara nyingi hawazimi Wi-Fi. Kitufe cha Wi-Fi kinabaki kimewashwa wiki nzima bila mtu kukigusa. Na simu yenye Wi-Fi iliyowashwa hujiunga yenyewe na mtandao wowote iliyowahi kuujua, bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo, ipe mtandao inaoujua. Kama juzi mdogo wako alikuwashia hotspoti ukaangalia mpira, mwambie, “Baraka, hebu niwashie tena ile hotspoti yako ya juzi.” Inatosha. Kama aliyekuwashia yuko Malimbe chuoni na wewe uko Igoma, iige: chukua simu nyingine, tengeneza hotspoti yenye jina lilelile na nenosiri lilelile, herufi kubwa kwa ndogo, nafasi kwa nafasi. Simu iliyopotea haiangalii sura ya mwenye hotspoti, inaangalia jina na nenosiri.

Subiri dakika chache. Wakati unasubiri, ipigie mara moja au mbili, kwa sababu simu iliyolala hukawia kutafuta Wi-Fi na ikipigiwa huamka. Tazama kwenye hotspoti kama kuna kifaa kilichojiunga. Kikitokea, umepata mawili kwa mpigo: umejua simu iko karibu, pengine ndani ya nyumba hiyohiyo, na imeshapata intaneti. Rudi android.com/find, bonyeza mlio.

Njia hii haigharimu chochote zaidi ya megabaiti chache za huyo aliyewasha hotspoti. Inashindwa ikiwa Wi-Fi nayo ilizimwa, au simu haikuwahi kuunganishwa na hotspoti ya mtu unayeweza kumfikia. Vinginevyo naiweka juu ya zote kwa mji wetu, kwa sababu hapa watu wanaombana hotspoti kila siku.

Ndugu yake ni spika ya Bluetooth. Kama simu yako imezoea kuunganishwa na spika fulani na Bluetooth uliiacha imewashwa, washa hiyo spika. Ikitamka kwamba imeunganishwa, simu iko ndani ya mita kama 10 hivi. Haitakuonyesha kochi gani, lakini itakuzuia kupanda bodaboda kurudi ofisini kuitafuta.

Na kuna kengele ya kuamkia, ambayo watu wanaidharau. Kwenye Android sauti ya kengele ina kipimo chake, tofauti na sauti ya simu inayoingia. Ukizima mlio wa simu, kengele inabaki. iPhone vilevile, kengele hulia hata ikiwa kimya. Kama kila siku unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa kengele, na sasa ni saa tano usiku, na simu inaita, na una hakika iko nyumbani, lala. Itajitaja yenyewe. Wanaotumia programu ya adhana wana nafasi kadhaa kwa siku, ilimradi waliiruhusu itoe sauti. Kwa mtu asiye na haraka hii ndiyo njia isiyo na jasho kuliko zote, ingawa najua asiye na haraka na simu yake ni wa kutafuta kwa tochi.

Kitochi: redio inashinda

Kitochi hakina Google. Hakina Wi-Fi ya kuigiwa. Ukikiweka sailenti kikaangukia kwenye gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba, hakuna tovuti duniani itakayokisaidia. Lakini kitochi kina kitu ambacho simu janja mpya nyingi zimekipoteza: kinapiga kelele redioni.

Utakumbuka mlio wa tit-tiriti-tit-tiriti unaotoka kwenye sabufa sekunde chache kabla simu haijaita. Mlio huo unatoka kwenye mtandao wa 2G. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo, hurusha kwa vipande vifupi, takribani 217 kwa sekunde, na vipande hivyo huingia kwenye nyaya za redio au spika iliyo jirani na kugeuka sauti. Simu ikiwa sailenti, haijalishi. Inapopigiwa, inarusha mawimbi palepale.

Basi chukua redio ndogo ya betri, ile ya kubebeka, iwe na sauti ya chini. Mtu mmoja apige kitochi bila kukoma, wewe utembee na redio polepole ukiipitisha kwenye rafu, chini ya kitanda, juu ya magunia, kwenye mifuko ya makoti yaliyoning'inia. Redio ikianza kukoroma, umefika, kwa kuwa mwingiliano huu hausafiri mbali. Ni hatua moja, mbili zikizidi. Sabufa la ukutani halifai kwa sababu huwezi kulizungusha, isipokuwa kama kitochi kiko nyuma yake, na hapo litakwambia lenyewe.

Simu janja inayopokea simu kwa 4G haitoi mlio huu. Ikiwa iko mahali penye 2G pekee, kama visiwa na mialo iliyo mbali na minara mikubwa, inaweza kuutoa. Kujaribu hakuna hasara.

Ukilinganisha na kutega sikio usikie mtetemo wa kitochi sokoni, kati ya wapiga debe, muziki wa duka la jirani na mashine ya kusaga, redio iko mbali mbele. Nyumbani usiku, vyote viwili vinakaribiana, na mwanga wa kile kioo kidogo nao una nafasi yake.

Saa, vishikizo, na programu za kupiga makofi

Haya nitayapitia haraka.

Apple Watch ina kitufe cha kuiliza iPhone, na ukikishikilia, taa ya iPhone nayo inamweka. Kwa aliyenacho, asisome zaidi. Saa janja za bei nafuu zinazouzwa mjini nazo zina kitufe cha kutafuta simu, lakini zinategemea programu inayokaa nyuma ya pazia kwenye simu, na simu nyingi za Tecno, Infinix na itel huua programu hizo ili kuokoa chaji. Ukinunua saa kwa sababu hii, ijaribu dukani: weka simu sailenti, funga kioo, subiri kidogo, kisha bonyeza. Muuzaji akikataa, ondoka.

Vishikizo vya funguo: Samsung SmartTag ukiibonyeza mara mbili huiliza simu ya Galaxy. AirTag ya Apple haina kitufe, kwa hiyo simu itatafuta funguo lakini funguo hazitatafuta simu.

Programu za kupiga makofi au kupuliza mluzi ili simu iitike, siziungi mkono. Zinataka kipaza sauti kiwe wazi muda wote, zinakula chaji, zimejaa matangazo, na zinauawa na simu hizohizo nilizotaja. Kumwita msaidizi wa sauti ni afadhali kidogo, ila lazima uwe umemfundisha sauti yako kabla, na Siri kwa kawaida haitikii iPhone ikiwa imelala kifudifudi au imefunikwa, yaani hali ileile ambayo simu iliyopotea hupenda kuwa nayo.

Ramani dhidi ya mlio, hasa ukiishi mlimani

Kuna anayefungua Find Hub, akaona kiduara cha kijani au buluu, akaanza kutembea kukifuata. Kwa Mwanza nakuonya. Nyumba za Mabatini, Igogo au mitaa ya juu ya Bugando zimepandiana kwenye mawe, na ramani haina juu wala chini. Kiduara kimoja kinaweza kufunika nyumba yako, ya aliye ngazi ishirini juu yako na ya aliye chini ya jiwe. Ndani ya nyumba ya bati, simu haipati satelaiti vizuri, hivyo kiduara kinapanuka zaidi.

Ramani itumie kujibu swali moja tu: iko mtaa huu au iko mtaa mwingine? Kama ni mtaa huu, funga ramani, bonyeza mlio. Usiende kumgongea jirani mlango kwa ushahidi wa kiduara. Umati wetu hauchukui muda kukusanyika, na kiduara hakiwezi kusimama mahakamani kukutetea.

Ikiwa haiko nyumbani

Hapa mpangilio unageuka. Simu iliyoachwa kwenye hiace ya Buhongwa au kwenye basi la kwenda Geita inasafiri. Zamani basi lilikwama foleni ya kivuko Kigongo na ulipata muda wa kumpigia konda. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, linavuka bila kusimama. Kwenye boti ya kwenda Nansio mtandao huja na kuondoka, kwa hiyo “haipatikani” haina maana kwamba mtu ameizima. Jaribu tena watakapokuwa wamefika gatini.

Ukiamini iko kwa mtu mwema au imelala tu kwenye siti, tumia Find Hub au Find My kuifunga na kuweka ujumbe kwenye kioo: “Simu hii imepotea. Tafadhali piga namba hii,” pamoja na namba ya mwenzako. Kisha iliza, ili konda aione. Ukihisi imeibiwa, usiilize. Mlio wa dakika 5 unamwambia mwizi aizime. Angalia ramani kimya kimya, ifunge, na hayo mengine uwaachie Polisi.

Na pesa isikusubiri. Chukua laini ya mtandao huohuo, piga 100, omba laini yako ifungwe pamoja na akaunti ya pesa iliyo juu yake. Simu ikipatikana chini ya siti dakika kumi baadaye, kufungua laini ni usumbufu mdogo. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zile tarakimu 15 unazozipata kwa kubonyeza *#06#, zitahitajika ukitoa taarifa Polisi. Ziko pia kwenye boksi la simu, kama hukulitupa.

Sailenti, mtetemo, au Usinisumbue?

Hili ni chaguo la kufanya leo, simu ikiwa bado mfukoni.

Sailenti kamili ni chaguo baya kuliko yote kwa mtu anayesahau vitu. Inafunga karibu kila mlango isipokuwa ule wa mtandao na wa kengele. Mtetemo ni afadhali, ingawa nimeshaeleza sponji la kochi linavyoufanya. Usinisumbue (Do Not Disturb) ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa inanyamazisha ulimwengu lakini inakuruhusu kuacha tundu.

Tundu la kwanza ni wanaorudia kupiga. Kwenye Android, ukiruhusu, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Maana yake simu iliyopotea ikiwa kwenye Usinisumbue unaweza kuivunja ukimya kwa kuipigia mara mbili tu, bila data, bila nenosiri, bila jirani. Lakini mlio wenyewe uwe haujashushwa hadi sifuri. Usinisumbue juu ya sailenti ni sailenti.

Tundu la pili ni watu maalumu. Kwenye Android unawawekea nyota kwenye majina, kisha unairuhusu Usinisumbue iwapitishe. Kwenye iPhone kuna zaidi ya hapo: fungua jina la mtu, bonyeza kuhariri, ingia kwenye mlio wake wa simu, washa Emergency Bypass. Akipiga huyo, simu inalia hata kama swichi ya ukimya imefungwa. Mpe mtu mmoja tu nafasi hiyo, mke au mume au mtoto mkubwa, na awe mtu asiyekupigia saa nane usiku kukuuliza umelala. Halafu jaribuni siku hiyohiyo mkiwa sebuleni, mmoja akae na simu chini ya mto, mwingine apige.